Kusagwa au Kukandwa? Istilahi za Miamba ya Kanda za Mpishano

1.0 Utangulizi

Uundaji wa istilahi za sayansi kwa Kiswahili umepiga hatua kubwa tangu kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ni ushahidi mmojawapo wa hatua hizo. Jiolojia haimo katika jina la kamusi hiyo, na mwalimu atakaye kuifundisha kwa Kiswahili hulazimika mara nyingi kuunda maneno akiwa mbele ya wanafunzi wake. Makala haya yanachunguza istilahi chache zihusuzo miamba iliyobadilika umbo ndani ya kanda ambamo pande mbili za gamba la dunia zimepishana. Hoja yake ni kwamba mwundaji wa istilahi anayefuata etimolojia pekee aweza kuitafsiri dhana pamoja na kosa la aliyeipa jina.

2.0 Yanayoipata miamba

Gamba la dunia linaposukumwa pande zinazokinzana, mwendo haugawanyiki sawasawa katika mwamba wote. Aghalabu hukusanyika katika ukanda mwembamba, ambao upana wake waweza kuwa milimita chache au kilomita kadhaa, na miamba iliyo nje ya ukanda huo ikabaki karibu kama ilivyokuwa. Karibu na uso wa dunia, ambako kuna baridi na mgandamizo ni mdogo, mwamba huvunjika: hupasuka, vipande vyake husuguana, na mwishowe hupatikana vifusi au unga laini kama udongo wa mfinyanzi. Hapa neno kusagwa ni halali kabisa.

Mambo hubadilika kadiri kina kinavyoongezeka. Katika itale, yaani graniti, yenye kwatzi, feldispa na ulanga, kwatzi huanza kulainika joto lifikapo kiasi cha nyuzi 300 za sentigredi. Katika gamba la kawaida la bara, joto hilo hupatikana kwenye kina cha kilomita 10 hadi 15. Kulainika huku si kuyeyuka. Mwamba unabaki yabisi. Kinachotokea ni kwamba kasoro ndogo zilizomo katika mpangilio wa atomi za fuwele husogea safu baada ya safu. Anayetaka kusogeza zulia zito haliburuti lote kwa mara moja. Hulikunja kidogo upande mmoja, kisha akausukuma mkunjo ule hadi upande wa pili. Fuwele nayo hubadilika umbo kwa namna hiyo bila kupasuka. Punje zilizolemewa na kasoro hizo hujipanga upya, na ndani na kandokando yake hutokea punje mpya ndogo zisizo na kasoro nyingi. Kwa hiyo udogo wa punje katika miamba hii hautokani hasa na kuvunjwa. Punje ndogo zimezaliwa pale pale, katika yabisi.

Feldispa ni ngumu zaidi, na huhitaji nyuzi 450 au zaidi ili kulainika vizuri. Chini ya hapo huvunjika huku kwatzi inayoizunguka ikitiririka, nayo hubaki kama vipande vya mviringo vilivyofunikwa na tabaka jembamba. Maji yakipenya, feldispa hugeuka kuwa ulanga na kwatzi, madini yaliyo laini kuliko yenyewe, na ukanda ukazidi kudhoofika. Ndiyo maana mwendo ulioanza mahali fulani huelekea kuendelea papo hapo.

3.0 Jina na kosa lake

Mwaka 1885 Charles Lapworth, profesa wa jiolojia huko Birmingham, aliyaeleza mawe ya aina hii kutoka Eriboll, kaskazini mwa Uskoti. Aliyaona yana punje ndogo mno na tabaka nyembamba, akaamini kwamba yamepondwa na kusagwa chini ya miamba iliyoburutwa juu yake. Akayaita miloniti, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kinu cha kusagia. Jina likaenea, nadharia ikaporomoka. Mwaka 1973 Bell na Etheridge walionyesha kwamba muundo wa miloniti watokana zaidi na kubadilika umbo kwa fuwele na kujipanga kwake upya kuliko kusagwa. Hata hivyo Lapworth hakukosea kote, kwani feldispa huvunjika kama ilivyoelezwa.

Athari ya jambo hili kwa mtafsiri ni dhahiri. Akiunda istilahi kama "jiwesago", atakuwa ameiingiza katika Kiswahili, karne moja na zaidi baadaye, nadharia ambayo wenyewe wameiacha. Mwingereza asiyejua Kiyunani halioni kosa lililofichika ndani ya jina hilo, lakini Mswahili atalisikia kila atakapolitamka. Wala madhara hayaishii darasani. Mchimba kisima anayeambiwa kwamba chini kuna mawe yaliyosagika atatazamia vifusi vinavyopitisha maji, kumbe miloniti ni jiwe lililoshikamana barabara.

Tofauti na jina hilo ni lile la vipande vya feldispa vilivyotajwa hapo juu. Wajerumani waliviita macho, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana katika jiwe. Neno hilo lafaa kutafsiriwa bila hofu, maana linataja umbo wala halidai chochote kuhusu chanzo chake.

4.0 Uteuzi wa maneno

Neno la Kiingereza liitajalo kanda zenyewe lina asili ya kukata, na wako wanaopendelea "ukanda wa mkato". Lakini kilichokatwa hutengana, ilhali mwamba wa kina kirefu waweza kuvutwa kilomita nyingi bila kuachana. Kiswahili kina kiambishi cha kutendana, na kitenzi kupishana chataja hasa pande mbili zinazopitana. "Ukanda wa mpishano" ni bora.

Kwa mchakato wa kina kirefu, kitenzi kukanda kinafaa: unga uliokandwa hubadilika umbo, hurefuka na haukatiki. Bahati imekifananisha kitenzi hicho na wingi wa ukanda, jambo litakalowasaidia wanafunzi kukumbuka. Lakini kuliita jiwe lenyewe "jiwekande" kungewapeleka moja kwa moja kwenye mahindi na maharage. Hapa ukopaji, unaolaumiwa mara nyingi kuwa ni uvivu, una faida: miloniti ni neno lisilosema kitu kwa Mswahili, na kwa sababu hiyo halisemi uongo.

Vitenzi vyote viwili vinahitajika, kila kimoja mahali pake. Ukanda wa Aswa, unaokatiza kaskazini mwa Uganda kuelekea kusini-mashariki, ulikandwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, miamba yake ingali kina kirefu. Baadaye, ilipokwisha kupanda na kupoa, ilipatwa na mivunjiko. Mwalimu aweza kusema kwamba hapo pana miloniti iliyosagika, na akaeleweka. Angekuwa ametafsiri jina hilo kwa etimolojia, angelazimika kusema "jiwe la kusagwa lililosagwa".