Mwanachuoni na Mizani Yake

Watu hupenda kumuuliza mwanachuoni: "Wewe u wa kushoto, kwa wajamaa, au wa kulia, kwa mabepari?" Mtazame Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa (1933–2014). Mwaka 1966 aliandika kuwa Nkrumah alitawala kama Lenin na kama mfalme wa Urusi kwa pamoja. Wengi wa kushoto wakamkasirikia. Mwaka 1986 filamu zake juu ya Waafrika ziliulaumu ukoloni wa Magharibi. Mfuko wa serikali ya Marekani, uliochangia gharama, ukataka jina la mfuko lifutwe humo. Je, aligeuka? La. Mizani ilikuwa moja, waliopimwa ndio mbalimbali. Basi tuipime hoja kwanza, kabla ya kuuliza msemaji ni wa kundi gani.