Bilauri Moja Kabla ya Pazia

Kaizari alichomwa visu nikiwa nimelala. Waigizaji hawakuwa na kosa. Nilikuwa nimekunywa bilauri mbili za mvinyo mwekundu, tumbo tupu, saa kumi na mbili na nusu jioni, na mchezo ukaanza saa moja. Makofi ndiyo yaliyoniamsha. Nikamuuliza jirani yangu kama ni mapumziko au ndiyo tumemaliza.

Tangu siku hiyo mvinyo naupima kwa saa, bei baadaye. Mezani mvinyo hufuata chakula: ukitaja samaki, mhudumu anajua ashike chupa gani. Kwenye ukumbi wa michezo hakuna sahani. Kitoweo ni mchezo wenyewe, na unauandama kwa macho na masikio saa mbili, pengine tatu. Basi kabla hujauliza mwekundu au mweupe, jiulize utakunywa lini.

Kabla ya pazia kufunguliwa, kunywa kilicho chepesi. Mweupe wa Chenin Blanc, zabibu inayostawi Dodoma, unafaa sana: una uchachu unaoamsha ulimi kama ndimu kwenye supu. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo usihangaike kutafuta chupa iliyokaa miaka. Mweupe wa bei ya kawaida ni mtamu ungali mpya. Upoze barabara, nyuzi 10 hivi. Tafuna nao kitu chenye chumvi, korosho za kukaanga au mishikaki miwili, usije ukapanda kichwani kabla hujapata kiti chako. Chupa ya mililita 750 hutoa bilauri tano za mililita 150. Mkiwa watano, chupa moja imewatosha. Mkiwa wawili, msione haya kurudisha kizibo.

Mwekundu uweke akiba ya mapumziko, na hapo ndipo penye raha yenyewe. Zabibu nyekundu ya Makutupora hutoa mvinyo wenye ukakasi, ule unaokausha fizi kama umeng'ata ndizi mbichi. Kwa tanzia, ambako watu wameshaanza kufa na wengine wako njiani, ukakasi huo uko mahali pake. Ila mvinyo huo unataka ubaridi kidogo na mafuta kidogo. Vitabu vya Ulaya husema mwekundu unywewe kwa joto la chumbani. Chumba chao ni nyuzi 18, changu cha Dar es Salaam ni 30. Tia chupa kwenye friji nusu saa. Sambusa ya nyama italainisha ukakasi.

Kisha usome mchezo kabla ya kwenda, angalau muhtasari. Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1963, ni mfano mzuri. Mapumziko yakiwekwa baada ya mauaji na hotuba za mazishi, mtakaporudi, punde mtawakuta Brutus na Cassius, wauaji wenyewe, wakigombana hemani, halafu wakipatana kwa bakuli la mvinyo. Wewe nawe una ladha ileile kinywani. Nimewahi kuijaribu (safari hii nikiwa macho), na sijapata mlinganisho mwingine ulionifurahisha hivyo. Kwenye Othello siongezi kitu wakati wa mapumziko. Iago anamnywesha Cassio mpaka anapigana na kuvuliwa cheo, na bilauri ya pili baada ya kuyaona hayo hainishukii vizuri.

Vichekesho havina masharti mengi: chenye utamu kidogo, baridi, basi. Wenye mapovu uuepuke kama kiti chako kiko katikati ya safu, maana kiungulia na mbeuo havingoji mwisho wa onyesho.

Kumbi nyingi za London hukuruhusu kuagiza kinywaji cha mapumziko kabla mchezo haujaanza. Uliza hata kwetu kama baa itakubali, kwa sababu dakika 15 zinaweza kuishia kwenye foleni. Nenda msalani kwanza, ndipo uende baani. Bilauri ya kioo usiingie nayo ndani: ikidondoka, aliyeko jukwaani ndiye anayepoteza maneno yake.

Asiyekunywa pombe afuate utaratibu uleule. Ukwaju wa baridi una uchachu wa kushika nafasi ya mweupe, na rozela isiyojazwa sukari ina rangi na ukakasi wa mwekundu. Sambusa ni ileile.

Mchezo mmoja umenishinda: Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, uliochapishwa mwaka 1969. Nimeutafutia mvinyo mweupe, nikautafutia mwekundu, wapi. Watu wanaingia vitani wakiamini maji waliyopewa yatazuia risasi, nawe umekaa gizani unashikilia bilauri ya zabibu? Usiku huo nenda na chupa ya maji, na usishangae ukisita kidogo kabla ya kumeza.