Mjunipa wa Bonsai: Kuutambua na Kuununua

Miongoni mwa miti inayouzwa kwa jina la bonsai, mjunipa ndio unaomponza mnunuzi kuliko mingine, hata pale ambapo muuzaji hana nia mbaya. Mti huu hubaki na rangi ya kijani kwa majuma kadhaa baada ya mizizi yake kufa. Mtu huulipia, huubeba hadi nyumbani, huumwagilia kwa uangalifu, na majani yanapokauka hujilaumu mwenyewe, ilhali huenda alinunua mti uliokwisha kufa. Kwa hiyo tunamwomba msomaji asiitegemee rangi, bali atumie vidole vyake.

Kwanza, akikwangue kitawi chembamba kwa ukucha. Chini ya ganda pakiwa na ubichi na unyevu, kitawi kina uhai. Pakiwa pa kahawia na pakavu, kimekufa. Arudie jaribio hilo kwenye matawi mawili au matatu, kwani upande mmoja wa mti waweza kufa na mwingine ukaishi. Kisha alishike shina karibu na udongo na kulitikisa polepole. Mti ulioshika mizizi husogea pamoja na udongo wake. Uliochomekwa juzi huyumba peke yake. Aangalie pia iwapo chungu kina matundu ya kutolea maji. Vijiwe vilivyobandikwa kwa gundi juu ya udongo visichukuliwe kuwa pambo tu: huzuia maji kupenya na humzuia mnunuzi kuona kilicho chini yake. Muuzaji akikataa kuvibandua, ni afadhali kwenda kwingine.

Baada ya uhai huja suala la jina. Jenasi ya Juniperus ina spishi zaidi ya 50, lakini zinazotumiwa sana kwa bonsai ni chache, na majani ndiyo yanayozitenganisha. Juniperus chinensis, ambayo aina yake mashuhuri huitwa shimpaku nchini Japani, ina majani madogo ya magamba yaliyolala juu ya kitawi, na mkono ukiyapapasa huhisi ulaini. Juniperus procumbens, hasa aina fupi iitwayo Nana, ina sindano fupi zinazochoma, nayo hutambaa chini badala ya kusimama. Juniperus rigida ina sindano ndefu na kali zaidi, kiasi kwamba wengi huivalia glavu. Ipo tahadhari moja: shimpaku iliyokatwa kupita kiasi huchipuza sindano kama za mti mchanga, hivyo tawi moja lenye kuchoma si ushahidi kwamba jina ni la uongo. Mti mzima ndio utazamwe.

Ndani ya shimpaku yenyewe kuna majina kama Itoigawa na Kishu, yaliyotokana na sehemu za Japani ilikotoka miti hiyo. Tofauti zake ni za unene wa majani na rangi, na asiye mzoefu hawezi kuzithibitisha kwa macho. Maoni yetu ni kwamba jina la aina hiyo lisilipiwe nyongeza pasipo kumbukumbu ya mti mama uliotoa kipandikizi.

Kwa wasomaji wetu wa nyanda za juu, upo mjunipa wa hapa hapa: mtarakwa, yaani Juniperus procera, unaofahamika zaidi kwa nguzo za ua na mbao zake zenye harufu nzuri. Ndio mjunipa pekee unaoota kiasili kusini mwa ikweta. Umezoea milima yetu, hauhitaji majira ya baridi ya Japani, na miche yake hupatikana kwenye vitalu vya miti ya misitu kwa bei ndogo sana kuliko bonsai iliyokamilika. Kasoro yake ni kwamba msaipresi mchanga hufanana nao, na miche ya miti hiyo miwili huchanganywa mara kwa mara, hata bila hila. Tunda ndilo linalokata shauri: la mtarakwa ni dogo, nyororo, la rangi ya buluu iliyokolea, mithili ya zambarau changa, la msaipresi ni gumu kama ubao na hupasuka kwa vigae. Mche usio na matunda unahitaji muuzaji anayejua mbegu zake zilitoka wapi.

Mtarakwa mkongwe uliong'olewa msituni ni jambo jingine kabisa. Nchini Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kutoa mimea katika misitu ya umma bila kibali. Mnunuzi aonyeshwe kibali hicho kabla ya kutoa fedha. Isitoshe, mti mkongwe uliong'olewa bila maandalizi mara nyingi haupati tena mizizi.

Wakazi wa pwani tunawaambia waziwazi: wasinunue mjunipa. Joto la usiku haliufai, na mkwaju utawapa bonsai nzuri zaidi. Popote pale, mjunipa ni mti wa nje. Sebuleni hudhoofika na kufa, hata karibu na dirisha.

Kuhusu bei, umri ndio unaotiwa chumvi zaidi. Shina hunenepa upesi likipandwa ardhini na polepole likiwa chunguni, hivyo unene hauthibitishi miaka. Miti kavu meupe iliyochongwa kwenye shina ni mtindo halali wa mijunipa, ila lazima pawe na mshipa wa gome hai unaounganisha mizizi na majani. Ufuatwe kwa kidole tangu chini hadi juu. Waya uliozama ndani ya gome huacha kovu la miaka mingi, nao ni sababu nzuri ya kuomba punguzo. Pakiti ziitwazo mbegu za bonsai hazina maana, kwa kuwa bonsai ni namna ya kuukuza mti, si spishi.

Anayeagiza mti kutoka ng'ambo apate kwanza kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, kabla mti haujasafirishwa. Na kwa kila ununuzi, risiti iandikwe jina la kisayansi, tarehe ambayo mti ulihamishiwa chunguni, na muda ambao muuzaji yuko tayari kuupokea tena ukikauka.