SOMO LETU: KUSOMA DAFTARI LA MAKOSA LA SWICHI

Kompyuta zimeingia kila mahali pa kazi. Katika maduka ya jumla ya Kikuubo, Kampala, makarani hutoa risiti kwa EFRIS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato uliolazimishwa mwaka 2021. Viwandani na mashambani kuna mizani na saa za kuingilia kazini zilizofungwa kwenye mtandao. Mtandao ukikatika kazi husimama, na lawama humwangukia mtu wa chini: karani, au mchukuzi aliyepita na mzigo karibu na waya. Yafaa basi tujue mashine yenyewe imeandika nini.

Swichi ni nini?
Ni kisanduku chenye matundu ambamo waya za kompyuta zote hukutana. Zile ndogo za bei rahisi zina taa tu. Zile kubwa huandika daftari, kama kitabu cha matukio cha askari wa getini. Kwenye swichi za Cisco fundi hulifungua kwa amri hii: show logging.

Tusome mstari mmoja
Apr 14 10:32:07: %LINK-3-UPDOWN: Interface GigabitEthernet0/5, changed state to down

1. Kwanza tarehe na saa. 10:32 ni saa nne na dakika 32 asubuhi kwa saa yetu.
2. LINK ni jambo linalohusika, yaani muungano wa waya.
3. Tarakimu 3 ni uzito. Huanzia 0 mpaka 7, na ndogo ndiyo nzito: 0 chombo hakitumiki, 3 kosa, 4 onyo, 6 habari ya kawaida.
4. Mwisho ni tundu la 5, nalo limeshuka.

Msiogope tarakimu peke yake. Karani akizima kompyuta jioni, mstari huu huu wa uzito wa 3 huandikwa. Tazameni mfululizo:

– Tundu moja likishuka na kupanda mara nyingi, shuku kichwa cha waya kilicholegea au waya ulioumia.
– Ukikuta neno RESTART, swichi iliwaka upya. Ulizeni kwanza habari za umeme.
– Hesabu ya CRC ni ya vifurushi vilivyofika vimeharibika. Hesabu hii hujumlishwa tangu zamani. Isomwe, mngoje, isomwe tena. Ikiwa inaongezeka, ubovu ungalipo.

Mambo matatu ya kuangalia
Kwanza, saa. Swichi za Cisco zisizorekebishwa saa huweza kuonyesha mwaka 1993 baada ya kuwaka upya. Tarehe ya namna hiyo si ushahidi wa saa ya tukio.
Pili, daftari lililo ndani ya swichi hufutika umeme ukikatika, isipokuwa kama mistari hupelekwa pia kwenye kompyuta nyingine. Kwa hiyo nakala itolewe kabla mtu hajaizima.
Tatu, daftari husema tundu gani limeshuka. Halisemi nani amevuta waya.

Haki yako
Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mfanyakazi kwa kosa au kazi mbaya, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize pamoja na mtu aliyemchagua mwenyewe. Tuseme karani wa Kikuubo anaambiwa kwamba amekata mtandao saa tano. Aende na mwakilishi wake, waombe nakala ya daftari. Kama limeandika RESTART saa tano ile ile, na saa ya swichi ni sahihi, basi matundu yote yalishuka pamoja. Waya mmoja wa karani hauwezi kufanya hivyo.

Maswali ya kujadili katika tawi
1. Swichi ya kazini kwenu ina daftari, au taa tu?
2. Nani hulisoma, na nakala huwekwa wapi?
3. Saa yake ni sahihi?

Anayejua kusoma daftari hili amfundishe mwenzake.