Historia ya Sinema: Bw. Mutia Omoolu Katika Picha ya Hollywood

Jumamosi moja muhula huu tulionyeshwa sinema katika bwalo la shule yetu hapa Shelui. Ilipokwisha, wenzangu walishindana kutaja nyota wa Hollywood. Walitaja wengi, lakini hakuna aliyetaja mtu wa Afrika Mashariki. Mimi nami sikumjua hata mmoja, basi nikaenda maktaba. Haya ndiyo niliyojifunza.

Hollywood ni mtaa wa mji wa Los Angeles, Marekani. Watengenezaji wa picha walianza kuhamia huko karibu na mwaka 1910, kwa kuwa jua huwaka karibu mwaka mzima, na zamani hizo picha zilihitaji sana mwanga wa jua. Hapo kwanza picha hazikuwa na sauti. Mwaka 1927 ilitoka The Jazz Singer, na tangu hapo watu wakataka kuwasikia wachezaji wakisema.

Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilimtuma mwongozaji W. S. Van Dyke aje Afrika Mashariki kupiga picha iitwayo Trader Horn. Walisafiri na mizigo mingi, hata mitambo ya sauti, wakapiga picha Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Mchezaji wa kike, Edwina Booth, aliugua sana, na baadaye akaishitaki kampuni. Picha ilitolewa mwaka 1931, ikashindania tuzo ya Oscar ya picha bora.

Ndani yake alikuwamo Bw. Mutia Omoolu, Mwafrika aliyechukuliwa huku huku, kisha akapelekwa Hollywood kumalizia kazi. Alicheza kama Renchero, mbeba bunduki wa mfanyabiashara Mzungu, ambaye hufa kwa ajili ya bwana wake. Jina lake liliandikwa pamoja na ya wakubwa, lakini hadithi haikuwa yake. Waafrika wengine mle walionyeshwa kama washenzi tu, maana hadithi ilitungwa na wageni.

Hapo nilimkumbuka babu. Baba yake alichimba dhahabu Sekenke, na habari zote babu anazo kichwani. Sasa ni mzee sana, na kifua kinamsumbua. Kila likizo husema, "Mjukuu wangu, kaa nikusimulie," nami hukimbilia kibanda cha video. Likizo hii nitakaa naye, na daftari mkononi. Ndugu wasomaji, nanyi kaeni na wazee wenu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.