Paka wa Nje Afundishwe, Asichapwe

Saza, wilayani Songwe, paka hafugwi ili apigwe picha. Anafugwa kwa sababu ya panya wanaomaliza mahindi. Anashinda nje, usiku analala jikoni karibu na mafiga, na akibanwa na haja anajua pa kwenda: nyuma ya nyumba kwenye udongo mlaini. Anachimba, anamaliza, anafukia. Hakuna aliyemfundisha.

Shida inaanza pale paka huyo anapohamishiwa geto la mwanachuo mjini. Chumba kimoja, sakafu ya saruji, mlango unashinda umefungwa, na mwenye nyumba hataki kusikia harufu. Siku ya tatu paka anajisaidia chini ya kitanda, anakula ufagio, na wiki ya pili anatupwa sokoni. Tunasema "paka mchafu huyu". Kumbe si mchafu, amenyimwa choo tu.

Sisi wa ualimu paka tunakutana naye hadi darasani. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alichapisha majaribio ambayo aliwafungia paka wenye njaa ndani ya visanduku. Paka alihangaika humo mpaka kwa bahati akagusa kamba au kitasa kilichofungua mlango, akatoka, akala. Kadiri alivyorudishwa, ndivyo alivyozidi kutoka haraka. Baadaye kazi hiyo ikazaa sheria ya matokeo: tendo linaloleta raha hurudiwa. Sasa tuipeleke geto.

1. Andaa choo. Tafuta beseni pana ambamo paka anaweza kugeuka, lenye ukingo mfupi. Weka udongo mkavu au mchanga, kina cha sentimita 5 hivi. Usione aibu kwamba huna ule wa dukani. Huko Marekani kwenyewe watu walitumia mchanga na majivu, mpaka mwaka 1947 Edward Lowe alipoanza kuwauzia udongo wa mfinyanzi uliokaushwa. Paka wa nje anautambua udongo kwa miguu yake, kwa hiyo anza nao. Ukitaka kuhamia kwenye maranda ya mbao, changanya kidogo kidogo, usibadilishe kwa siku moja.

Angalizo kwa watu wa Saza na Chunya: usichote marudio ya dhahabu eti kwa kuwa ni mchanga mlaini. Mchanga ule unaweza kuwa na zebaki. Paka hulamba miguu yake, na vumbi lake mnalivuta wenyewe humo chumbani.

2. Chagua mahali. Beseni likae kona tulivu, mbali na sahani ya chakula. Paka hapendi kujisaidia anapokula, kama wewe tu. Kama amezoea kulilia mlango atoke, anza kwa kuliweka karibu na mlango, kisha lisogeze taratibu kila siku hadi kwenye kona unayoitaka.

3. Fuata ratiba yake. Siku za mwanzo asizurure chumba kizima. Mtengee sehemu ndogo yenye beseni, maji na pa kulala. Baada ya kula na baada ya kuamka, mpeleke kwenye beseni, kwaruza mchanga kwa kijiti, kisha muache. Akimaliza, mpe dagaa mmoja papo hapo. Ukichelewa nusu saa, atadhani dagaa ni wa kulala kitandani.

4. Safisha kila siku. Beseni likijaa atatafuta pengine, na huwezi kumlaumu. Kuna sababu nyingine pia. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasma, ambavyo huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Ukikiondoa kila siku, unawawahi. Vaa glavu au mfuko wa nailoni mkononi, nawa kwa sabuni, na mjamzito asiifanye kazi hiyo.

Akikosea, futa kwa maji na sabuni. Epuka dawa za usafi zenye amonia, maana harufu yake inafanana na mkojo na itamwita arudi palepale. Usimsugue pua kwenye kinyesi. Na kama dume anakwenda kwenye beseni mara kwa mara, anajikamua na mkojo hautoki, hapo hakuna somo. Huenda njia ya mkojo imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Mkimbize kwa daktari wa mifugo.

Wengine hushika kwa siku chache, wengine kwa wiki kadhaa. Fimbo haifupishi muda huo. Paka aliyechapwa akijisaidia haelewi kwamba kosa ni mahali; anaelewa kwamba kujisaidia mbele yako ni hatari. Kesho atakwenda nyuma ya kabati, na wewe utasema ni mjanja.

Wanachuo wenzangu, hasa mnaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, lifikirieni hilo. Mtoto anayechapwa kwa kujibu vibaya anajifunza kunyamaza, na mwalimu anaandika "mzito". Kabla ya kumwita mtu au paka mkaidi, tuulize kwanza: beseni lipo? Lipo anapoweza kulifikia? Na alipofanya vizuri, nani alimpa dagaa?