Jirani wa Uwanja wa Ndege: Tunajifunza Nini Kutoka Inglewood?

Sisi tunaofanya kazi za maendeleo katika dayosisi tunaulizwa mara kwa mara: mradi mkubwa unapokuja, na uamuzi uko mikononi mwa watu wengine, wananchi wafanye nini? Safari hii tumechagua mfano wa mbali, kutoka Marekani, kwa sababu hatua zake zilichukua miaka mingi na matokeo yake yanaonekana.

Tatizo lenyewe

Inglewood ni jiji dogo la California, mashariki ya uwanja wa ndege wa Los Angeles. Kwa kawaida upepo huvuma kutoka baharini, hivyo ndege hutua zikipita juu ya mapaa ya Inglewood na mtaa jirani wa Lennox. Ndege ikipita, mwalimu hunyamaza darasani na kusubiri. Moshi nao hufuata upepo: utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta ongezeko la chembe ndogo sana za moshi hadi kilomita 16 upande huo.

Lakini uwanja ni mali ya jiji la Los Angeles, na wakazi wa Inglewood hawapigi kura huko. Mpango wa upanuzi wa dola zipatazo bilioni 11 ulipopitishwa mwaka 2004, waliobeba kelele hawakuwa na diwani wao katika kikao kilichoamua.

Walifanya nini?

Kwanza, waliungana. Makanisa, vyama vya wafanyakazi, vikundi vya mazingira na wilaya za shule za Inglewood na Lennox waliunda umoja mmoja. Desemba 2004 walifikia makubaliano na uwanja yenye thamani ya takriban dola milioni 500. Wao waliahidi kutoupinga mpango mahakamani. Uwanja uliahidi kuzuia kelele shuleni na majumbani, kuziunganisha ndege zilizoegeshwa na umeme badala ya kuziacha ziwashe injini, kupunguza moshi wa mitambo ya ujenzi, na kuwapa wakazi wa jirani mafunzo na nafasi za kwanza za ajira.

Pili, halmashauri ya Inglewood pamoja na majirani wengine, El Segundo na Culver City, walikwenda mahakamani. Mwaka 2006 walipata suluhu: milango ya kupandia ndege ingepunguzwa hadi 153 iwapo abiria wangefikia milioni 75 kwa mwaka. Suluhu hiyo ilikuwa na mwisho wake, mwaka 2020.

Palipokwama

Tusidhani kwamba sahihi ikishawekwa kazi imekwisha. Fedha za shule zilikwama kwa miaka, kwa sababu ya masharti ya serikali kuu kuhusu matumizi ya mapato ya viwanja vya ndege. Ilibidi Bunge la Marekani libadili sheria mwaka 2012. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati wa makubaliano alikuwa amekwisha kuiacha shule hiyo ya msingi.

Mafunzo kwetu

1. Dai lenye kipimo hufuatiliwa. "Tupunguzieni kelele" ni ombi. Madirisha ya shule fulani, kwa fedha fulani, ni makubaliano.
2. Umoja huzuia kugawanywa. Mwenye kutaka ajira na mwenye kutaka hewa safi walikaa meza moja.
3. Kabla ya kutia sahihi, tuulize: fedha zitatoka wapi, na nani mwingine lazima aziidhinishe?
4. Kila mkataba una mwisho wake. Tujiandae mapema kwa siku hiyo.

Maswali ya kujadili katika vikundi

- Ni mradi gani ulio jirani nasi ambao uamuzi wake haumo mikononi mwetu?
- Nani hubeba madhara yake, na nani hupata faida?
- Je, tungekubali kuacha kesi ili tupate ahadi? Kwa masharti gani?
- Nani miongoni mwetu atakayetunza nakala ya makubaliano na kuyafuatilia baada ya miaka kumi?